Wajukuu Hawajaisha

Baba yangu alijua kusuka nywele. Naanza na hilo kwa sababu katika hotuba zote za mazishi yake hakuna aliyelitaja, na mimi niliyelijua kuliko wote nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikiangalia viatu vyangu.

Yaliyosemwa yalikuwa mengine, na yalikuwa ya kweli. Kwamba alikuwa mtaalamu wa sera za pensheni. Kwamba serikali ilimwita, ikamsikiliza, ikamsahau, ikamwita tena. Kwamba alisafiri kwingi akieleza jinsi mtu anavyoweza kuzeeka bila kuogopa kesho. Wageni wa Nairobi walisimama na suti zao nyeusi kwenye matope ya shamba letu la Kabazi wakayasema hayo kwa maneno makubwa, na majirani zetu wa Nakuru wakawa wanaulizana chinichini, "Kumbe yule mzee ndiye huyu?" Wao walimjua kama mzee wa kitana.

Mimi ni binti yake, mdogo wa kaka mmoja tu. Shule niliiacha kidato cha pili nikiwa na mimba. Kijana aliyehusika alihama na wazazi wake kabla tumbo halijaonekana. Miaka kadhaa baadaye nilipata mtoto wa pili, na mwanamume mwingine ambaye alisema atakuja nyumbani kujitambulisha kwa wazee, na mpaka leo bado yuko njiani. Kwa hiyo nina msichana na mvulana, na wote wawili walizaliwa na kulelewa katika nyumba ya baba yangu mjini Nakuru. Mama yetu alikuwa ameshatangulia.

Siku nilipomwambia baba kuhusu mimba ya kwanza nilikuwa nimejiandaa kupigwa, au kufukuzwa, au kuhubiriwa. Alivua miwani, akaifuta kwa shati lake muda mrefu, halafu akaniuliza, "Umekula, mama?" Aliniita mama kwa sababu nina jina la mama yake. Sikuwa nimekula. Alipasha githeri ya jana, mahindi na maharagwe, akaniwekea, akakaa mbele yangu mpaka nikamaliza. Sikuweza kumwangalia. Nilitamani sana angenipiga.

Alistaafu msichana wangu akiwa na miaka mitatu. Mimi nilikuwa nimepata kazi kwenye karakana ya kushona sweta za shule, na ilinibidi kutoka asubuhi na mapema. Nani atamvalisha mtoto, nani atampeleka shule ya chekechea, nani atamsuka? Baba alisema, "Mimi nimeandika sera zikapita mikono ya mawaziri. Nywele zitanishinda?" Zilimshinda, kwa kweli, wiki nyingi. Mtoto alikwenda shule na mistari iliyopinda kama barabara ya kushuka Subukia. Basi baba akaenda kwa dada mmoja wa saluni karibu na steji ya bodaboda, akakaa pale na daftari kama mwanafunzi, akafundishwa.

Baada ya hapo ilikuwa kila Jumamosi. Alikaa barazani, mtoto katikati ya magoti yake, redio pembeni, kitana mdomoni. Vijana wa bodaboda wa kutoka Kaptembwo walikuwa wakipunguza mwendo kwenye lango letu.

"Mzee! Saluni inafunguliwa saa ngapi?"

"Foleni ni ndefu, boss. Na wewe na hicho kipara utangoja sana."

Wakicheka na kuzima pikipiki, alikuwa amewapata. Alianza somo lake papo hapo, mikono bado iko kwenye nywele. "Pikipiki ikichoka unabadilisha tairi. Goti lako likichoka utabadilisha nini? Weka kidogo kila wiki. Kidogo, lakini usiruke." Wengine walianza kweli kuweka. Mama anayeuza mboga nje ya lango letu naye alikuwa hakosi neno. "Mzee, unaniharibia nyumba," alimwambia. "Mume wangu hata kikombe chake haoshi, na sasa kila Jumamosi namuuliza wewe huoni wenzako?"

Watu walicheka kwa upendo. Mimi niliona aibu. Nilikuwa nikiwasikia wanawake bombani wakisema mzee msomi amegeuzwa yaya na binti yake, na sikuwa na la kuwajibu kwa sababu ndivyo nilivyoona mwenyewe. Mtu aliyeketi meza moja na mawaziri anapangusa watoto kamasi kwa sababu yangu.

Aibu hiyo ilinifundisha tabia moja. Walipokuja wageni wake, wale wa kutoka Nairobi waliotaka awasomee andiko au awashauri, niliwachukua watoto nikawaficha jikoni. Niliwapa biskuti, nikafunga mlango, nikawaambia kimya. Na kila mara, chai ikishamiminwa, nilisikia sauti ya baba kutoka sebuleni: "Wako wapi wenye nyumba?" Watoto walijua wanaitwa wao. Walinipita mbio. Baba aliwasimamisha mbele ya wageni na kusema, "Hawa ni wajukuu wangu. Huyu mkubwa ni mwenyekiti. Huyu mdogo ni mweka hazina, na kama mnavyomwona, hazina ameila." Wageni walicheka. Halafu, nilijua, macho yao yalitafuta baba wa watoto hao, yakakosa, yakaishia kwangu pale mlangoni na trei.

Nilimwambia mara moja, "Baba, si lazima uwaite."

"Kwani wana ugonjwa?"

"Wageni watauliza ni wa nani."

Alikunja gazeti lake. Ndipo aliponiambia habari ya nyanya, mama yake, ambaye mimi nina jina lake. Babu yetu alitoka magharibi akaja kufanya kazi katika kiwanda kimoja cha hapa mjini, kiwanda ambacho kilifungwa zamani. Alipofariki, nyanya alikwenda kwenye ofisi na watoto wake kuuliza juu ya pensheni ya mumewe. Karani akamuuliza mbele ya foleni nzima, "Wewe ni nani wake?" Nyanya alikuwa ameolewa kwa ng'ombe, hakuwa na cheti. Watu wote walikuwa wanamtazama. Aliona aibu kujieleza. Akasema, "Basi," akawashika watoto mikono, wakarudi nyumbani, na hakwenda tena.

"Hakunyimwa," baba aliniambia. "Hakuna aliyemwambia hapana. Aliona aibu tu, akaondoka. Mimi nimefanya kazi maisha yangu yote kwa sababu ya lile basi."

Alieleza kwamba katika kazi yake walibishana miaka mingi juu ya neno moja tu: mtegemezi. Mtu akifa, nani ahesabiwe kuwa alimtegemea? Wengine walitaka cheti cha ndoa na cheti cha kuzaliwa, kwisha. Yeye alishikilia kwamba kuna nyumba ambazo bibi anamlea mjukuu, mjomba anamlea mpwa, na kifo hakiwezi kuwafanya hao wageni. "Usiulize mtoto ni wa nani," alikuwa akisema. "Uliza amekula kwa nani." Sijui kama hilo lilikubaliwa. Miaka yote niliyomwekea chai sikuwahi kumuuliza kama alishinda. Nilimsikiliza kama mtu anayesikiliza redio ya jirani.

Alipofariki, hospitalini, moyo ukiwa umechoka, wazee walikuja kutoka magharibi kwa ajili ya matanga. Mkubwa wao alikuwa baba mdogo, ndugu wa baba aliyemfuata, mtu mpole asiyepaza sauti. Kila jioni sebule ilijaa. Walikubaliana azikwe Kabazi, kwenye shamba alilonunua mwenyewe, shamba ambalo kabichi zake hazikuwahi kufunga vizuri hata mwaka mmoja. Kisha wakaja kwenye wasifu wa marehemu, ule unaochapishwa kwenye programu na kusomwa mbele ya watu. Kaka yangu alikuwa anaandika kwenye kompyuta yake, magotini.

"Andika ameacha wajukuu wawili," baba mdogo akasema. Alimaanisha watoto wa kaka.

Kaka akaacha kuandika. "Na wa dada?"

"Wa binti wana kwao."

"Lakini wamekaa hapa."

"Kukaa ni kukaa. Hatujaonyeshwa kwao, lakini kwao kupo. Tukiwaandika kwenye ukoo huu, kesho wenyewe wakija na ng'ombe wao, tutawaambia nini? Tutasema tulishawachukua?" Hakusema kwa ubaya. Kwetu ndivyo mambo yalivyo, na hakuna aliyeshangaa. Kisha akageuka. Mimi nilikuwa nimesimama na chupa ya chai. "Au unasemaje, msichana wangu?"

Sebule yote ilinitazama. Wazee, wachungaji, wake za binamu, wote. Nikawaona wakiwahesabu wanaume ambao hawakuja na ng'ombe wao. Uso ulinichoma mpaka masikioni.

"Sawa, baba," nikasema, nikamiminia aliyekuwa karibu kikombe ambacho tayari kilikuwa kimejaa.

Siku ya mazishi tulipanda basi la kukodi kwenda Kabazi. Msichana wangu alipewa programu kama kila mtu. Aliisoma. Akageuza ukurasa, akaurudia, kidole kwenye mstari.

"Hatumo," akasema.

"Karatasi ni karatasi tu," nikamwambia.

Alinitazama. Babu yake aliishi kwa karatasi. Alimfundisha kwamba neno moja kwenye karatasi linaweza kumlaza mtu njaa au kumshibisha, naye alijua kwamba mimi najua. Aliikunja programu mpaka ikawa ndogo sana, akaikalia. Mdogo wake aliuliza kama Babu ataletewa chai huko. Nikatazama nje.

Walizungumza wakubwa, kwaya ikaimba, jeneza likateremshwa, vijana wakajaza kaburi wakipokezana majembe. Kisha ukafika wakati wa maua. Kwetu emsii huita watu kwa makundi, kila kundi lije lipande maua yake juu ya udongo na kupigwa picha. Emsii wetu alikuwa kijana mchangamfu aliyeletwa kutoka Subukia, na alikuwa anasoma moja kwa moja kutoka kwenye programu.

"Ndugu wa marehemu!" Baba mdogo na wazee wakaenda.

"Watoto wa marehemu!" Nikaenda na kaka. Nilipanda ua langu, nikarudi kwa wanangu.

"Wajukuu!"

Watoto wawili wa kaka wakatoka kwenye hema wakiwa na maua meupe. Na msichana wangu akapiga hatua. Hakuniuliza. Alikuwa ameitwa, akaenda, kama vile alivyokuwa akinipita mlangoni pa jikoni.

Nikamshika sweta kwa nyuma.

Ilikuwa sweta ya shule, niliyoishona mwenyewe. Nilihisi sufu ikivutika mkononi mwangu, ikivutika, kisha ikalegea, kwa sababu alisimama. Hakugeuka. Nilimwona kisogo tu, na ile mistari, ya mwisho aliyosukwa na babu yake kabla hajalazwa. Ilikuwa imeanza kufumuka na alikuwa amekataa isiguswe. Watoto wa kaka walipanda maua yao. Walipigwa picha. Emsii akasema, "Asanteni, wajukuu, Mungu awabariki," akaita wakwe.

Sijui nieleze vipi. Hakuna mtu aliyekuwa ametuwekea mlinzi. Mkono ule ulikuwa wangu.

Wakaenda wakwe, wakaenda wafanyakazi wenzake, wakaenda watu wa kanisa. Emsii akaita marafiki na majirani, na watu wa mtaa wetu wakaanza kujipanga, wale wanawake wa bombani na vijana wa bodaboda waliokuja kwa pikipiki kutoka Nakuru na matope mpaka mapajani. Nikafikiri, basi, hapa tutapita. Hapa hakuna atakayeuliza. Nikawashika watoto mikono nikaingia nao kwenye foleni ya majirani.

Mama wa mboga alikuwa mbele yetu. Aligeuka, akanitazama, akawatazama watoto.

"Wewe unatafuta nini hapa?"

"Tunapanda maua."

"Hii ni laini ya majirani."

"Najua."

"Unajua? Basi ondoka. Mimi ndiye jirani. Nimekuwa jirani yenu miaka hii yote, kazi yangu usinichukulie." Alisema kwa mzaha wake ule ule wa langoni, lakini machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Akashusha sauti. "Mzee angewatafuta wapi hawa? Angewatafuta kwa majirani?"

Nilitamani udongo ule unimeze na mimi. Tulitoka kwenye foleni. Tulisimama kando, sisi watatu, mahali ambapo hapakuwa na kundi lolote, na kila mtu aliyepita na ua lake alituona. Foleni ikapungua. Ikaisha. Emsii akakunja programu.

"Kama wote wamemaliza, sasa tutamkaribisha mchungaji kwa baraka za mwisho."

"Wajukuu hawajaisha," nikasema.

Hata kuku hangesikia. Emsii alikuwa anampa mchungaji kipaza sauti.

"Wajukuu hawajaisha!"

Safari hii ilitoka kubwa mno, mbaya, kama ya mtu anayegombana sokoni. Watu wote wakageuka. Emsii akarudisha kipaza sauti mdomoni, maskini, hakukusudia ubaya, akauliza na sauti ikaenda mpaka kule chini kwenye mashamba ya watu: "Samahani, mama. Hao ni nani wake?"

Nikamtazama baba mdogo. Alikuwa ameegemea mkongojo, haonyeshi kitu. Nikamtazama kaka, na kaka akainamisha kichwa. Neno la nyanya lilinijia mdomoni, lile basi, lilikuwa rahisi na lilikuwa tayari. Mvulana wangu alikuwa ananibana kidole.

"Ni wajukuu wake," nikasema. "Wamekula kwake tangu wazaliwe."

Kisha kijana mmoja wa bodaboda akapiga kelele kutoka nyuma, "Na kusukwa!"

Mtaa wetu wote ukacheka. Walicheka huku wanalia, na wageni wa Nairobi wakawa wanatazamana, hawaelewi. Emsii akasema, "Wajukuu, karibuni." Hapo ikaonekana kwamba maua yamekwisha. Yalikuwa yamenunuliwa kwa hesabu ya programu. Mama wa mboga akaingiza mkono kwenye udongo, akang'oa la kwake alilokuwa amelipanda muda si mrefu, na lingine la jirani aliyemfuata bila kumwomba ruhusa, akawapa watoto. "Haya, shikeni. Haya tayari yamezoea udongo."

Walipanda. Mvulana alipanda lake likiwa limelala, na hakuna aliyelisimamisha. Picha ilipigwa. Mimi simo katika picha hiyo, nilikuwa nimefunika uso na leso. Watu walidhani nalia. Nilikuwa naona aibu, ile ile ya sebuleni, haikuwa imepungua hata kidogo. Nilidhani mtu akisema ukweli mbele za watu aibu humtoka. Haikunitoka.

Baadaye, watu wakila, nilimpelekea baba mdogo sahani. Nilisimama mbele yake nikingoja kugombezwa. Alikula kidogo, akanawa vidole kwenye bakuli nililomshikia.

"Ungesema siku ile," akaniambia.

"Baba, ulisema wa binti wana kwao."

"Nilisema. Ndivyo tunavyosema. Halafu nikakuuliza." Aliinua macho. "Sikukuuliza wewe?"

"Uliniuliza."

"Nilimjua ndugu yangu. Nilingoja useme hapana ili na mimi nipate la kuwaambia wenzangu. Ukasema sawa."

Aliomba maji ya kunywa, nikaenda kuyaleta. Njiani nilisimama nyuma ya hema kidogo. Kumbe hata mlango ule wa wazee ulikuwa umerudishwa tu, haukufungwa, na mimi nilikuwa nimeuegemea kwa ndani kama nilivyokuwa nauegemea wa jikoni. Na yule aliyekuwa akiita kutoka sebuleni hakuwapo tena. Kuanzia sasa, kuita ni kazi yangu, na mimi sina sauti yake.

Tumerudi Nakuru. Ua la mvulana, nimeambiwa na anayetunza shamba, limeshika likiwa vile vile limelala. Jumamosi msichana alikubali nimfumue nywele. Alikaa barazani katikati ya magoti yangu, na vijana wa bodaboda walipita bila kusema kitu, wakiinua tu mkono. Nilipokuwa namsuka niliiona sweta yake mgongoni. Pale nilipoishika pamevutika, pametoka kama mfuko, na sufu haijarudi. Mimi ni fundi wa sweta. Ni kazi ya dakika chache.

"Ivue niitengeneze," nikamwambia.

"Iko sawa, mama," akasema.

Anaivaa hivyo hivyo. Kila asubuhi akienda shule namwona kwa nyuma mpaka anapokata kona.